Nguzo ya Bibi Ruthu

Asubuhi hiyo Munira alikuwa anapiga pasi mapazia ya mteja wao, Bwana Fabian. Yalikuwa mapazia mazito ya rangi ya chai ya maziwa, marefu kuliko meza, kwa hiyo kila alipomaliza kipande alikilaza kwenye kiti ili kisiguse sakafu. Pembeni ya pasi alikuwa ametandaza karatasi za somo la historia ya mitindo, maana mtihani ulikuwa unakuja na chuoni walitakiwa kujua kila kitu kwa mpangilio. Kwanza tembe, nyumba ya Wagogo yenye paa bapa la udongo. Halafu vidaka vya ukutani na boriti za Waarabu wa misafara, halafu kuta nene za Wajerumani, halafu nyumba za reli za Waingereza, halafu sakafu nyekundu ya saruji na madirisha ya vioo vya kupinda, ya miaka ya baada ya uhuru. Mwisho kabisa dari za jipsamu. Mwalimu wao alikuwa anasema mpambaji asiyejua historia ataishia kuuza mito ya sofa.

Munira alikuwa fildi, mafunzo ya vitendo ya chuo, kwenye ofisi ya upambaji ya Madam Evarista, Makole, Dodoma. Alikuwa na sauti ndogo. Kwao Kondoa mama yake alizoea kumwambia rudia, na akirudia ilikuwa ndogo vile vile. Pale ofisini walishazoea kumjibu "sawa" bila kusikia alichosema.

Simu yake ilikuwa juu ya karatasi, imefunguka kwenye picha. Madam Evarista alipita na kikombe chake, akasimama, akaichukua.

"Hii ni wapi?"

"Kwa bibi yake Jenifa."

"Kwa nani?"

"Jenifa. Ninayekaa naye chumba kimoja."

Madam aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikabaki nguzo peke yake. Ilikuwa nguzo ya mpingo, nyeusi kwa moshi na kwa mikono ya watu, ina panda juu, na kwenye panda ile ndipo lilipolala boriti kubwa lililobeba paa lote la udongo. Ubavuni ilikuwa na alama ndogo ndogo za kisu, moja juu ya nyingine.

"Bwana Fabian kila siku ananiambia anataka kitu cha asili, mimi nampelekea vikapu," Madam alisema. "Kumbe kitu chenyewe unacho wewe kwenye simu, umekaa kimya."

Munira alirudi kwenye mapazia. Pasi ilikuwa imepata moto sana, akaipunguza.

Ile picha aliipiga mwenyewe, Jenifa alipompeleka kwao, mbele ya Mvumi, kwa ajili ya kazi ya darasani. Bibi Ruthu aliwapikia ugali wa uwele na mlenda, akacheka mpaka akashika mbavu kuona mlenda unavyomshinda Munira, unavutika kutoka kwenye tonge mpaka kidevuni. "Huyu Mrangi anakula kama anafunga kamba," alisema. Baadaye alimwonyesha nguzo. Ilisimamishwa na baba mkwe wake. Zile alama ni za watoto, na za watoto wa watoto. Kila aliyefika umri wa kusimama alisimamishwa pale akapimwa. Ya Jenifa ilikuwepo. Bibi alichukua kisu cha mboga, akamsimamisha Munira mgongo kwenye nguzo, akakata alama juu ya kichwa chake.

"Basi. Na wewe sasa ni wa humu. Ukipotea tutajua urefu wa kutafuta."

Lori la ofisi lilienda kuichukua nguzo siku ambayo Jenifa alikuwa na mtihani. Madam aliuliza tu, juu juu, mwenzako ana mtihani lini, na Munira akajibu. Njiani alikaa mbele, katikati ya Madam na dereva, na nyuma walikaa mafundi na mrunda mmoja wa mkaratusi, ule mti wa kushikizia zege linapomwagwa.

Bibi Ruthu aliwapokea kwa mbukwa, salamu ya Kigogo, akawaletea vigoda. Aliuliza Jenifa yuko wapi, akaambiwa ana mtihani, akaridhika, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Bibi, hatununui wala hatunyang'anyi," Madam alisema. "Tunaazima. Kuna mtu mjini anataka watu waone mambo yetu ya asili yasipotee. Vijana hapa watakuwekea huu mti kwa muda. Kabla ya mvua tunakurudishia nguzo yako."

"Nguzo inaazimwa?" Bibi aliuliza. Alikuwa anatabasamu. "Mimi nimeazima chumvi. Nimeazima jembe. Moto nimeazima."

"Ni ya maonyesho tu, bibi yangu."

Bibi Ruthu aliangalia paa, akaangalia mrunda, halafu akamgeukia Munira.

"Wewe ndiye wa humu. Hawa watarudisha?"

Mafundi waligeuka. Madam aligeuka. Ndama waliokuwa upande wa pili wa ukuta wa fito waliacha kutafuna.

"Ndiyo, bibi," Munira alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusema jambo na watu wote wakalisikia bila kumwambia arudie.

Nguzo ilisimamishwa kwenye sebule ya Bwana Fabian, mtaa wa Kikuyu, katikati ya makochi na televisheni, chini ya jipsamu yenye taa za kuzunguka. Bwana Fabian ni mfanyabiashara wa alizeti na mtama pale sokoni Majengo, mtu mpole, anayevua viatu mlangoni hata kwake mwenyewe. Aliizunguka nguzo, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasema hii ndiyo. Mke wake aliuliza kama ina mchwa. Fundi Nurdini akamwambia mama, mpingo huu mchwa akiuma anaacha meno.

Asubuhi iliyofuata jipsamu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na dari la mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya krimu, sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa nta, madirisha yalikuwa ya vioo vya kupinda, na makochi yalikuwa yamevaa vitambaa vya kufuma. Mke wa Bwana Fabian alimpigia Madam simu kuuliza ile nta inapatikana duka gani. Bwana Fabian mwenyewe alikunywa chai akiwa ameegemea kochi, akasema sebule ya marehemu baba yake ilikuwa hivi hivi, imekosekana redio tu. Jioni redio ilikuwepo.

Madam alituma Munira akapige picha.

Baadaye ikawa nyumba ya reli, yenye wavu dirishani na ndoano ya kutundikia kofia. Halafu kuta zikanenepa usiku, milango ikawa na matao, na Bwana Fabian alilazimika kupima upya makochi kwa sababu ukuta ulikuwa umekula nafasi. Kisha vidaka vikatokea, na boriti juu, na harufu ya udi ambayo haikutoka hata walipofungua madirisha. Munira alikuwa anakuja kila ikibadilika. Alipiga picha, akaandika tarehe. Aliijua karatasi yake ya mtihani kutoka juu kwenda chini, na sasa alikuwa anaisoma kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo alijua kinachofuata na alijua kwamba baada ya hapo hakuna kingine.

Ilipokuwa tembe, ilisimama hapo. Nyumba nyingine yote ilibaki kama ilivyokuwa, jiko la vigae, vyumba, choo cha ndani. Ni sebule tu iliyoshuka. Paa likawa la udongo, limebebwa na fito, fito zimebebwa na boriti, boriti limekaa kwenye panda ya nguzo. Mlango ukawa mfupi. Wageni wa Bwana Fabian waliinama wakiingia, na baada ya siku chache waliinama hata wakiingia benki. Kwenye makochi lilidondoka vumbi kidogo kidogo, binti wa kazi akawa analikung'uta asubuhi na jioni. Juu ya paa ziliota nyasi.

"Hiki kitu," Madam Evarista alisema, akiwa ameinama, "hakuna mtu mjini hapa ameshakifanya."

Siku hiyo hiyo, jua linazama, Bibi Ruthu aliingia.

Alikuja na kigoda chake. Alisalimia, akakaa chini ya nguzo, akanyoosha miguu. Mke wa Bwana Fabian alimwamkia shikamoo, akamletea chai na kitumbua. Watoto walipunguza sauti ya televisheni. Bibi alisema anashukuru, asihangaikiwe, yeye amezoea kukaa na nguzo yake jioni, na kule kwake sasa akiegemea ule mti mwingine mgongo unapigwa na baridi. Alfajiri kigoda hakikuwepo na bibi hakuwepo. Jioni akarudi.

Munira alimkuta hapo alipokuja kupima mapazia mapya, mafupi, kwa sababu yale ya chai ya maziwa sasa yalikuwa yanaburuzika chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda. Jenifa hajambo?"

"Hajambo."

"Umemwambia?"

Munira aliangalia utepe wa kupimia.

"Ule mti wenu unalia usiku," Bibi alisema. Alisema kama mtu anayesimulia habari za jirani. "Mchwa wameshafika kifuani kwake. Na mimi mwaka huu sijapandisha udongo mpya juu, naogopa uzito. Mvua ikija na ule wa zamani ukilowa, sijui." Alimega kitumbua. "Lakini wewe ulisema watarudisha. Nimewaambia na majirani."

Chumbani, Jenifa alikuwa anasoma kitandani, miguu ukutani. Aliuliza mbona siku hizi unarudi na vumbi la nyumbani kwetu. Munira alisema ni vumbi la fildi.

"Linanukia moshi wa kwetu," Jenifa alisema. "Utafikiri unaniibia bibi yangu."

Alicheka, akageuza ukurasa. Munira naye alijaribu kucheka. Alilala akiwa ameelekea ukutani, na maneno aliyotakiwa kuyasema alikuwa nayo yote, kwa mpangilio, kama yale ya mtihani.

Kesho yake alimwambia Madam. Alisimama mbele ya meza yake akasema kwamba mvua imekaribia, nguzo inatakiwa irudi.

"Sawa," Madam alisema, macho kwenye kompyuta.

"Madam, bibi anasema ule mti unaliwa na mchwa."

"Sawa, weka hapo."

Munira hakuwa ameshika kitu cha kuweka. Alisimama kidogo, halafu akaenda kufagia vipande vya vitambaa.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Chamwino. Kule Majengo watu walianza kufunika magunia. Munira alipanda bajaji mpaka Kikuyu, na njiani alijizoeza kwa sauti. Dereva akamuuliza dada unaongea na mimi. Alimkuta Bwana Fabian sebuleni, ameinama, anasoma gazeti kwa mwanga wa dirisha dogo. Akaamua kupiga kelele. Sauti ilitoka ya kawaida, lakini ilitosha.

"Shikamoo, baba. Hii nguzo haikununuliwa. Iliazimwa. Inashikilia nyumba ya bibi. Tulisema tutairudisha kabla ya mvua. Mimi ndiye niliyesema."

Bwana Fabian alikunja gazeti. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Mimi si mtu wa kudhulumu." Aliinua macho juu, kwenye boriti. "Lakini hebu angalia na wewe. Hili paa sasa limekaa juu ya nini?"

Munira aliangalia. Udongo ulikuwa mzito, mwekundu, umejaa mizizi ya nyasi. Wote umekaa kwenye boriti, na boriti kwenye panda.

"Nikiitoa leo, mimi na watoto wangu tunalala wapi?"

"Ule mrunda, baba. Huku kwako tungeweka mrunda."

"Ule unaoliwa na mchwa?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa kuuliza, kama mtu anayetaka kujua. Halafu akasema atampelekea bibi mifuko ya saruji na mabati, akijaliwa, wiki ijayo au ile nyingine, na kwamba Munira anywe chai kwanza. Munira alikunywa chai. Aliposimama kuondoka alijiweka mgongo kwenye nguzo, akatafuta alama yake kwa mkono. Ilikuwa imempita vidole vitatu. Yeye hakuwa amepungua, viatu vilikuwa vile vile. Alama ndiyo iliyokuwa imepanda.

Mvua ya kwanza ilinyesha jioni ya siku ya tatu. Ilianza na upepo uliokokota vumbi lote la Dodoma ukalirundika mahali pengine, halafu ikashuka kwa matone makubwa yaliyotenganika, halafu ikashuka yote. Ilinyesha Makole, ikanyesha Majengo, mifereji ikajaa chupa. Kikuyu ilinyesha kila mahali isipokuwa juu ya sebule ya Bwana Fabian. Maji yalifika ukingoni mwa lile paa la udongo, yakageuka kama yameitwa upande mwingine. Nyasi za juu hazikulowa. Ndani, Bibi Ruthu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, chai mkononi, kichwa ameinamisha anasikiliza.

"Hapa hainyeshi," mke wa Bwana Fabian alisema.

"Ya hapa inanyesha kwangu," Bibi alijibu.

Baada ya muda akaweka kikombe chini. Alisema, "Basi, imelala." Hakuna aliyemuuliza ni nini kilicholala.

Alfajiri kigoda kilikuwepo na bibi alikuwepo.

Jenifa alipigiwa simu kwamba nyumba ya bibi imeanguka, akiwa anachana nywele. Aliondoka na kitana kikiwa kichwani. Kijijini walichimbua udongo kwa majembe na kwa mikono, wakatoa sufuria, wakatoa kinu kizima, wakatoa ndama mmoja mzima na mwingine aliyekufa, wakatoa ule mrunda, mwepesi kama boksi, umebaki gamba. Bibi hawakumpata. Walichimba mpaka wakafika sakafuni, wakachimba na sakafu. Wazee walisema mtu hawezi kuoza kwa usiku mmoja. Mchungaji alisema wasubiri. Lakini mvua iliendelea na watu walikuwa na mashamba, kwa hiyo walitandika mkeka, wakaanza kulia bila mwili.

Bibi Ruthu alikuwa Kikuyu, anakunywa chai.

Munira alimwendea asubuhi moja kabla ya ofisi. Alimshika mkono, akamwambia bibi twende, Jenifa anakutafuta, wanakulilia. Bibi alisimama bila ubishi, akajifunga kanga, wakaenda pamoja mpaka mlangoni, wakainama. Munira alitoka akajikuta uwanjani na mkono mtupu. Alipochungulia ndani bibi alikuwa kwenye kigoda, anajifungua kanga.

"Ndivyo ilivyo," Bibi alisema. "Mimi nakaa inapokaa."

"Nisamehe, bibi."

Bibi Ruthu alimwangalia vizuri, kama siku ile ya kisu cha mboga.

"Sasa nikikusamehe, ndiyo wataiondoa?"

Munira aliinua macho kwenye boriti.

"Basi tusubiri kidogo," Bibi alisema.

Wageni wa Bwana Fabian walimpenda. Walikaa pembeni yake wakapigwa picha, na yeye aliwaachia, aliwauliza tu majina yao na kwao ni wapi. Madam Evarista alikuja na taa ndogo ya kusimama, akaiweka pale ambapo mwanga ungemwangukia bibi begani na kwenye nguzo kwa pamoja. Akarudi nyuma, akainama zaidi, akaangalia. Akamwomba bibi asogeze kigoda kidogo kulia. Bibi akasogeza. Mke wa Bwana Fabian alisema sasa pamekaa vizuri, na kweli palikuwa pamekaa vizuri.

Mabati na saruji vilipelekwa kijijini, Bwana Fabian alitimiza. Vilishushwa pembeni ya lile rundo la udongo lililoanza kuota mtama.

Mtihani wa historia ya mitindo Munira alifaulu. Swali la kwanza lilikuwa tembe: eleza jinsi paa linavyobebwa. Alijaza kurasa mbili. Mwalimu aliandika pembeni, kwa wino mwekundu, "Inaonekana umeiona kwa macho."

Jenifa hakurudi chumbani. Kitanda chake kilibaki kimetandikwa, na kwenye msumari ilibaki sketi yake ya Jumapili.

Siku Munira alipokuwa anakunja yale mapazia marefu ya chai ya maziwa ili yahifadhiwe, Madam alitokea mlangoni na kikombe chake. Alisema kuna wateja wawili Makole na mmoja Majengo, wameona sebule ya Bwana Fabian, wanataka. Lori litaondoka Alhamisi asubuhi. Kule mbele ya Mvumi kuna nguzo nyingine nyingi.

"Na wewe utakaa mbele na mimi," Madam alisema. "Wewe ndiye wanayekujua."

Munira alisema hapana.

"Sawa," Madam alisema. "Alhamisi, basi. Saa kumi na mbili usichelewe."

Munira alimaliza kukunja pazia, akaketi juu yake. Alitoa simu. Aliandika, akafuta, akaandika, akafuta. Mwishoni aliacha kama ilivyokuja.

"Jenifa, bibi hajafa. Yuko Kikuyu, kwa Bwana Fabian, sebuleni, chini ya nguzo. Nguzo ilichukuliwa siku ya mtihani wako. Aliniuliza mimi kama watarudisha, mimi nikasema ndiyo. Anakuulizia kila jioni. Alhamisi lori linakuja tena huko kwenu, waambie watu wasikubali, hata wakiniona mimi mbele."

Akatuma. Ilionyesha imefika, na baada ya muda ilionyesha imesomwa. Juu kabisa paliandikwa kwamba Jenifa anaandika. Munira alisubiri. Nje mvua ilianza tena kwenye mabati, ikaacha. Paliandikwa kwamba anaandika, pakaacha, pakaandikwa tena, halafu pakabaki jina lake tu.

Jioni ilipofika Munira alikwenda Kikuyu kubadilisha mito ya sofa. Alimwambia Bibi Ruthu kwamba amemwandikia Jenifa, naye akauliza kama amejibu. Munira aliweka simu chini, kati yao wawili, kioo chake kikiangalia juu, na wakakaa.